Fundi na Daftari la Kazi Yake

Apitaye Biashara Street, katika kisiwa cha Mombasa, huona leso za kila rangi zimetundikwa milangoni, na husikia cherehani zikilia tangu asubuhi. Mnunuzi humpa fundi leso yake aikate na kuipinda, kisha hungoja papo hapo. Mkono wa fundi ni mwepesi na mshono wake umenyooka. Lakini muulize fundi kijana ashoneaye duka la mtu: Je, una mkataba? Una haki ya kupumzika siku ngapi kwa mwaka? Ukiumia kazini, nani atakugharimia? Aghalabu utajibiwa kwa kicheko au kwa kimya.

Kimya hicho si kosa la kijana, bali ni kosa la elimu aliyopewa. Alifundishwa kupima kitambaa, hakufundishwa kupima ujira wake. Nasema waziwazi: chuo cha ufundi kitoacho fundi asiyejua sheria ya kazi kimetoa nusu ya fundi, na nusu haistahili kusifiwa kama nzima.

Sheria haikukosekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, humpa mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutaka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Huamuru pia siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya kazi. Lakini sheria isiyojulikana na mwenyewe ni taa iliyofunikwa chungu: inawaka, na nyumba imo gizani.

Wala Mombasa si mji wa kusahau jambo hili. Tarehe 13 Januari 1947, maelfu ya wafanya kazi wa bandari, reli, mahoteli na majumba waliacha kazi, na mji ukasimama kwa muda wa siku 12 hivi. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama chao, alikamatwa na serikali ya kikoloni mwaka uo huo. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, na Tom Mboya akaja kusaidia kupatanisha. Kisha mwaka huo huo Mboya alikwenda Ruskin College, Oxford, kusoma mambo ya kazi. Alikuwa kiongozi tayari. Walakini alitambua kuwa ushujaa bila elimu hautoshi. Ikiwa kiongozi alihitaji somo hilo, mwanafunzi wa ushoni atawezaje kulikosa?

Wako wasemao kwamba somo hili litazaa wagomvi. Hawa wameshika kisu kwa makali. Asiyejua haki yake ana njia mbili tu: kunyamaza akaonewa, au kulipuka akaharibu. Ajuaye huandika barua, hukiita chama chake, au huenda mahakamani. Tena hujifunza wajibu wake, maana sheria ile ile humruhusu tajiri kumfukuza mtoro na mlevi. Tajiri mwadilifu hana la kuogopa katika somo hili. Aliogope yule alaye jasho la watu.

Wengine husema hapana nafasi katika ratiba. Mbona nafasi ya kufundisha ujasiriamali ilipatikana? Tunamfundisha kila kijana kana kwamba kesho atakuwa mwenye duka, na hali wengi wataanza kwa kuajiriwa. Kumwandaa mtu kwa cheo ambacho huenda asikipate, na kumwacha mtupu mbele ya kazi atakayoipata, ni elimu gani hiyo?

Basi somo la kazi na liwe la lazima katika kila chuo cha ufundi, walau saa moja kwa juma, na lifundishwe kwa Kiswahili. Wanafunzi wasome mkataba, wahesabu ujira na saa za ziada, wajue mgomo wa 1947 ulitokana na nini, na waone jinsi ugomvi unavyosuluhishwa.

Nawe, kijana usomaye, usingoje mpaka chuo kiamke. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kazi, isome; usipoielewa, uliza. Wenye maduka wa Biashara Street wanaijua methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya fundi ni nguvu zake, na daftari lake ni mkataba. Mwenye duka hafungi mlango jioni kabla ya kuhesabu mauzo yake. Kwa nini fundi afunge cherehani yake miaka 30 bila ya kuhesabu chake?