Tulichoacha Musira ni chupa tupu

Najua nimepotea, mitihani ilinishika shingoni, lakini leo lazima niandike maana kuna kitu kinanikera tangu likizo na nikikaa nacho peke yangu sitalala.

Wengi mnajua mimi ni mtu wa Muleba. Na mnajua ninavyowachosha hapa hosteli kwa sifa za kwetu: ziwa, senene, ndizi, kahawa ya kutafuna. Basi washkaji wanne wakasema poa, acha maneno, tupeleke. Tukapanda meli Mwanza jioni, ile Victoria ya zamani iliyokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Mpango ulikuwa tulale njiani, asubuhi tushuke Bukoba, tutembee kutwa, usiku tupande tena. Siku moja tu, kwa sababu wiki ile ile kulikuwa na tesiti.

Mama alinipigia simu mara tatu kabla hatujaondoka bandarini. Wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kwetu hakuna anayepanda meli bila kukumbuka MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Haya, tuyaache hayo.

Asubuhi tukashuka. Chai, picha, tukazunguka sokoni, picha tena. Halafu wakataka kwenda Musira. Ukisimama ufukweni Bukoba unakiona kisiwa pale mbele, jabali kubwa lenye majani juu, na wazee wanasimulia kwamba enzi za abakama waliokosa walikuwa wanapelekwa kutupwa huko. Wakaniuliza kukoje. Wadau, sikuwa na jibu. Nimezaliwa mkoa huu na sijawahi kukanyaga Musira hata siku moja! Nilijifanya naongea na simu.

Tukabishana bei na mwenye boti kama tunanunua mitumba, tukavaa majaketi okozi, tukaenda. Na hapa ndipo penye dukuduku langu. Kabla ya kuvuka tulinunua chipsi kuku na soda mjini tukabeba, eti "kisiwani hakuna kitu". Nani alituambia hakuna kitu? Hakuna aliyetuambia. Tuliamua tu.

Kufika, kuna kijiji kizima cha wavuvi. Dagaa wameanikwa, watoto wanakimbia, nyavu zinashonwa. Mama mmoja alikuwa anakaanga sato kwenye kibanda, na harufu yake naikumbuka mpaka leo. Mshkaji wangu akatoa simu, akampiga picha bila hata kusalimia. Yule mama akamwangalia, akasema taratibu tu: "Mwanangu, picha umechukua, samaki je?"

Tukacheka cheka, tukasema tumeshakula. Uongo, chipsi zilikuwa kwenye begi. Tukapanda juu, tukauona mji wa Bukoba wote kwa mbali, kweli panapendeza, tukala chipsi zetu zimeshapoa, tukashuka. Chupa za soda zilibaki kule juu kwenye mawe. Ukipiga hesabu, hicho ndicho kitu pekee ambacho kisiwa kile kilipata kutoka kwetu.

Sasa maoni yangu. Huwa tunasema sana kuhusu watalii wa meli kubwa za Karibi. Kuna sehemu inaitwa Labadee, Haiti, ambayo kampuni ya Royal Caribbean ilikodi tangu miaka ya 1980 ikaizungushia uzio: abiria walikuwa wanashuka, wanaogelea, wanakula chakula cha kampuni, wanaondoka bila kuiona Haiti yenyewe. Tulijadili mambo kama hayo darasani na sisi tulikuwa wa kwanza kupiga kelele za unyonyaji. Lakini sisi watano na mfuko wetu wa chipsi tulikuwa na tofauti gani? Uzio tulitembea nao kichwani.

Mmoja wao nilipomwambia hivi alinijibu kwamba sisi ni wanafunzi, bumu limeisha, tusilinganishwe na Wazungu. Naikataa hiyo. Chipsi kuku tulinunua kwa hela, hatukupewa bure. Hela ile ile ingetupatia sato wa moto, na stori za yule mama juu.

Na kingine. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale pale Bukoba, wakafa watu 19 na wakapona 24, waliowahi kufika kwa mitumbwi ni wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, nchi nzima ilimjua. Watu wa aina hiyo hiyo ndio sisi tunawapiga picha kama mawe na miti.

Labda inaniuma zaidi kwa sababu wilaya yetu ya Muleba ina visiwa kibao, Bumbire, Goziba, Ikuza, na nina shangazi anayeanika dagaa kwenye mmoja wa mialo ya huko. Nikajiuliza, angekuja kijana wa chuo na simu yake, asimpe hata shikamoo, ampige picha ameinama, aondoke, ningesemaje? Ningempasua. Na pale Musira nilisimama pembeni tu, mwenyeji, nashika begi la chipsi.

Zile picha mshkaji ameshazituma kwenye grupu na maneno "life la kisiwani". Nimemwomba aifute ile ya mama. Bado hajaifuta.

Likizo ijayo narudi. Nafasi ziko nne, chakula tunakula kisiwani, na nitabeba kiroba cha kuokotea zile chupa kama bado zipo. Anayetaka anione chumbani jioni, sasa hivi nakimbia, lekcha ya saa nane imeshaanza.