Majina Yasiyofika Chapwani
Mtu wa Miono, Bagamoyo, anayekwenda likizo Zanzibar asikose kuvuka hadi kisiwa cha Chapwani, walikozikwa mabaharia wa HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Ila ziara isiishie kwao. Königsberg nayo ilipoangamia Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa kwa nguvu za wapagazi Waafrika kwenda kupigana nchi kavu. Utaambiwa wapagazi wanayo kumbukumbu yao, Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, tangu 1927. Ni kweli maandishi yake yanawataja, hata kwa Kiswahili. Lakini yanawataja kwa jumla, na aliyesimama juu pale ni askari mwenye bunduki. Baharia katunziwa jina. Majina ya wapagazi yaanze kukusanywa vijijini Bagamoyo, maadamu wajukuu waliosimuliwa wangali hai.