Profesa wa Mwaka wa Kwanza

Chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake, ambao hawakufika 20, hawakuhitaji miadi wala karani ili wabishane na mwalimu wao. Sitamani zama zile zirejee, kwani uchache ule ulikuwa dhiki ya taifa. Lakini sasa ambapo wanafunzi wa chuo hicho cha Mlimani ni makumi ya maelfu, yafaa tuulize ni nani hasa amjuaye kijana wa mwaka wa kwanza.

Katika vyuo vyetu vikubwa kijana huyo humwona profesa kwa mbali, ukumbini, kupitia kipaza sauti, na swali lake hulipeleka kwa kiongozi wa darasa, ambaye huenda akalifikisha na huenda asilifikishe. Akipiga hodi ofisini hukuta karatasi iliyopauka: Jumatano, saa 8 hadi saa 10, na Jumatano ikifika, profesa yumo kikaoni. Mwaka wa tatu, aombapo barua ya mapendekezo, huulizwa kwanza namba yake ya usajili, na barua yenyewe hueleza alama zake tu, kwa kuwa mwandishi hana jingine amjualo kwalo.

Wengi huita hayo kiburi, nami sikubaliani nao, maana profesa hupanda daraja kwa makala zilizochapishwa majaridani, ilhali saa aliyoketi na kijana mmoja kumchambulia insha yake ni nadra kutiwa hesabuni. Ajabu kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni huu mgawanyo wa kazi: semina za wanaoanza, ambao ndio wasiojua hata namna ya kuuliza, huachiwa wahadhiri wasaidizi, nao maprofesa hutengwa kwa ajili ya watahiniwa wa uzamivu, watu waliokwisha kujua njia.

Itajibiwa kwamba maprofesa ni haba. Naam, ni haba, wala siombi kila mmoja awafundishe wote. Naomba kila profesa apewe semina moja kwa juma, ya vijana 15 wa mwaka wa kwanza, ihesabiwe rasmi katika mzigo wake wa kazi, na tume inayompandisha cheo iwaulize vijana hao kama alihudhuria.