Kete iko kichochoroni, dawa iko gari mbili

Acheni kusema methadoni, dawa ya waraibu wa unga wa heroini, ni bure. Nalisikia neno hilo redioni, kwenye warsha, kwenye hotuba, na kila nikilisikia namkumbuka kijana wa mtaani kwetu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa miguu kwa kuwa hana nauli. Dawa haiuzwi, kweli. Njia ya kuifikia ndiyo inayouzwa, tena kila siku ya Mungu.

Tangu nauli zilipopandishwa Desemba 2023, daladala ya Dar es Salaam ni shilingi 600 hata kwa safari isiyofika kilomita 10. Mgonjwa wa gari mbili anatoa 1,200 kwenda na 1,200 kurudi. Hiyo ni 2,400 kwa siku. Na mgonjwa anayeanza methadoni hapewi chupa akanywee kwake. Anainywa mbele ya mhudumu, Jumapili imo, Idi imo, Krismasi imo. Siku 30 ni shilingi 72,000. Na tunamtoza nani? Mtu ambaye unga umeshamla kazi, ndoa, sufuria za mama yake na salamu za majirani. Hata kibarua cha asubuhi hakipati, kwa sababu asubuhi yuko kwenye foleni ya dawa.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndiye anayebanwa zaidi. Nenda kaitazame foleni hiyo, uwahesabu wanawake. Ni wachache mno, na si kwa sababu wanawake hawatumii unga.

Asiyeijua arosto, maumivu ya kukosa unga, asiwahukumu wanaoikimbia. Mifupa inauma kama inapasuliwa, tumbo linaachia, machozi na makamasi vinatiririka, usingizi unakataa. Methadoni inakaa palepale ubongoni heroini inapokaa, lakini inaingia taratibu na kudumu zaidi ya siku nzima, hivyo mtu anatulia, anakula, analala, anaweza kushika jembe au cherehani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005.

Ila dawa hii haisamehe utoro. Ukiikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unapoteza uzoefu wake, na mhudumu hawezi kukurudishia kipimo chako cha zamani kwa sababu kinaweza kukuua. Anakushusha, mnaanza kupanda upya. Na ukikimbilia unga kwa kipimo ulichokuwa ukikimudu zamani, unaweza usiamke. Kwa hiyo aliyekosa nauli siku nne hakupoteza siku nne. Amerudishwa nyuma wiki nyingi, huku mwenye kete yuko kichochoroni nyuma ya nyumba yao, mchana na usiku, hahitaji kufuatwa kwa gari mbili. Sisi tumeiweka dawa mbali kuliko sumu, halafu kijana akianguka tunasema hana nia ya kuacha.

Nasema hivi nikiwa na heshima kubwa kwa waliouanzisha mpango huu. Februari 2011, Muhimbili ilipofungua kliniki yake, Tanzania Bara ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kusini mwa Sahara kutoa methadoni katika hospitali ya umma. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikavuka Dar es Salaam hadi Dodoma, Mbeya na Mwanza. Unguja nao wakaanza Kidongo Chekundu. Wauguzi wa kliniki hizi wanafanya kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza hata wiki moja.

Lakini sehemu kubwa ya gharama, tangu siku ya kwanza, imetoka mfukoni mwa Wamarekani na wafadhili wengine. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Saini moja, Washington, na kila anayenywa kikombe chake Temeke akawa na haki ya kuuliza kama kesho atakikuta. Arosto haingoji siku 90. Haingoji hata mbili. Nchi yenye bunge lake, hazina yake na wagonjwa wake haina udhuru wa kuiacha dawa kama hii itegemee hisani ya mtu wa mbali.

Najua jibu: pesa hakuna. Siliamini. Desemba 2023 tulitangaziwa kwamba zimekamatwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Biashara ya ukubwa huo ina nyumba, ina magari, ina akaunti za benki. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kutaifisha mali za wafanyabiashara hao. Basi mali hizo zilipe. Nyumba ya muuza unga ikipigwa mnada, fedha yake ianze kwa mgonjwa aliyeuziwa unga huo, kabla ya kumezwa na matumizi mengine yoyote. Vilevile Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023: tiba ya uraibu iandikwe ndani ya kitita cha mafao kwa jina lake, na isiachwe kubahatishwa chini ya neno la jumla. Aliyetulia miezi na miezi apewe dozi za kwenda nazo nyumbani, na kituo cha afya cha kata kifundishwe kumnywesha aliyekwisha kuimarika, ili 72,000 zibaki kuwa unga wa ugali.

Wapo wanaosema tunabadilisha kilevi kimoja kwa kingine. Waseme hivyo mbele ya mama ambaye mwanawe ameacha kuiba betri za magari na sasa anamsindikiza sokoni. Na wajue kwamba miongoni mwa wanaojidunga nchini, zaidi ya theluthi waliwahi kukadiriwa kuwa na VVU, wakati kwa watu wazima kwa jumla utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4. Methadoni inanywewa kikombeni. Haina sindano ya kuazimana.

Waheshimiwa wabunge, kitabu cha bajeti ya Wizara ya Afya kitakapowekwa mezani kwenu, msikipigie makofi kabla hamjatafuta ndani yake neno methadoni na tarakimu iliyo mbele yake. Msipolikuta, simameni muulize.