Mahari ya Milioni Tatu na Kompyuta Isiyojua Kudarizi



Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya singo la mchele na liwa. Bibi harusi wa Shaaban mnisamehe, litakuja inshaallah. Leo nina donge moyoni na nikilimeza litaniumiza.

Wengi wenu mnajua kuwa mimi ni mtu wa Unguja niliyeolewa bara. Huu mwaka wa saba naishi chini ya Mlima Meru na baridi ya mwezi wa saba bado sijaizoea. Donge lenyewe linatoka hapa Arusha, mtaa wa Ngarenaro, nyumbani kwa wifi yangu. Lakini nikitazama magrupu yetu ya WhatsApp naona limeshavuka bahari mpaka Darajani, maana kila bibi harusi sasa akiulizwa mahari anataja kitu kimoja: laptop ya bei kubwa, ile yenye tufaha mgongoni.

Nianze kwa kuweka wazi, kabla sijatukanwa. Mahari ni haki yako, ni mali yako, na anayekwambia usitaje kitu cha thamani nenda naye Suratun Nisaa aya ya 4 mkaisome pamoja. Simlaumu msichana kwa kutaka kompyuta. Tena nasema kompyuta ni mahari bora kuliko makochi ya velveti ambayo yatachakaa kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutambaa. Ninachogombana nacho ni hili neno "usijishushe", linalosemwa na mashoga ambao hawatalipa hata senti.

Binti wa wifi yangu ni fundi. Anashona abaya na kudarizi mashela, na ana cherehani ya darizi ya kompyuta aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe, kibubu cha miaka mitatu. Alikuwa akiwalipa watu kumchorea maua. Siku akitaka ua jipya anapanda kifodi mpaka mjini, anampa kijana picha, anasubiri siku mbili, anarudi na flashi. Akaona akiwa na kompyuta atajichorea mwenyewe. Fikra safi kabisa. Mchumba ni kijana wa Usa River, anafanya kazi shamba la maua, mshahara wake mnaweza kuukisia. Akauliza mahari kwa adabu, kupitia kwa mjomba. Binti akataka kusema "kompyuta". Mashoga wakamwambia aseme jina. Akasema jina.

Kijana akanunua, milioni tatu na laki mbili. Milioni moja na laki mbili alikuwa nazo, milioni mbili akakopa kwa hawa wakopeshaji tunaowaita kausha damu: elfu tisini kila Jumatatu, wiki 30. Pigeni hesabu. Elfu tisini mara 30 ni milioni mbili na laki saba. Laki saba ni riba tupu, ndoa imeanza nayo, halafu tunakaa kwenye kitanga cha harusi tunaomba baraka.

Mashine ilikuja nzuri, sitasema uongo. Nyembamba kama sinia, haina hata feni ya kuvuma, chaji inakaa kutwa nzima. Haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa letu. Programu ya kuchora darizi iliyokuja na cherehani yake inafanya kazi kwenye Windows tu, na si hiyo peke yake. Wilcom wanayoitumia mafundi wengi wa darizi imeandikwa kwa Windows. Tally wanayoitumia wahasibu wa maduka imeandikwa kwa Windows. Zamani Mac ilikubali kuwekewa Windows pembeni kwa njia ya Boot Camp, lakini tangu Apple walipoacha chipu za Intel na kuingiza za kwao, M1, mwishoni mwa mwaka 2020, mlango huo umefungwa. Zipo njia za kuzunguka, na zinataka pesa nyingine na utaalamu ambao Ngarenaro hakuna wa kukufanyia saa mbili usiku wakati mteja anataka mashela yake kesho. Na flashi ya cherehani haikuingia hata tundu. Akapanda tena kifodi, safari hii kutafuta kiunganishi.

Miezi mitatu ile kompyuta ilitazama filamu.

Sasa najua mtakaloniambia, maana nimeshaambiwa: "Bi fulani, rahisi huvunja upishi." Kweli huvunja. Mimi sikuitetea rahisi. Zile laptop mpya za plastiki, Celeron na RAM ya GB 4, zinazopangwa mbele ya duka zikiwa na karatasi bado, hizo ndizo zinazovunja upishi. Ukifungua kurasa tatu unaweza kwenda kuswali na kurudi ukaikuta bado inazunguka. Anayekuuzia hiyo kwa kuwa wewe ni mwanamke na haujui, naye ana hesabu yake kwa Mola.

Lakini mashoga mnalinganisha sufuria ya bati na sufuria ya fedha kana kwamba hakuna sufuria ya chuma duniani. Ipo. Ni kompyuta za maofisi ya Ulaya na Uarabuni zilizotumika, ThinkPad, Latitude, EliteBook, zinazofika Kariakoo, Darajani na hapa Arusha mjini kwa makontena. Hizi zilipokuwa mpya nazo zilikuwa za bei kubwa. Mfano ThinkPad T480 ya mwaka 2018: RAM unaongeza mwenyewe, diski unabadilisha, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, hata unaweza kuichomoa ya nje ukaweka nyingine bila kuizima. Umeme ukikatika unadarizi... samahani, unachora. MacBook Air RAM yake haiongezwi kabisa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo, na mpaka Oktoba 2024 ile ya bei ya chini ilikuja na GB 8 tu.

Muwe macho kwenye hizi za mtumba pia. Windows 10 ilimaliza kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo ukiambiwa "hii i7 mama, kali sana", uliza kizazi cha ngapi. i7 ya kizazi cha sita ni bibi kizee aliyepakwa wanja. Iwashe dukani, bonyeza kila herufi, angalia kama inakuuliza neno la siri kabla Windows haijaanza, na ukiona hivyo iache, haina mwenyewe au mwenyewe anaitafuta. Mac ya mtumba nayo hakikisha imetolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani, la sivyo umenunua sahani ya kupakulia biskuti.

Je, ile ya tufaha haifai kwa mtu yeyote? Inafaa. Dada anayehariri video za harusi na analipwa kwa kazi hiyo, anunue, tena asichelewe, Final Cut haipatikani kwingine na zile chipu zinameza video kama maji. Anayeandika kutwa mahali umeme hautabiriki, na pesa anayo mkononi, chaji ile ni neema. Inadumu na ukiiuza inarudisha pesa, hilo tutaliona. Lakini MacBook Air ya M4 ilipotoka Machi 2025 bei yake Marekani ilianzia dola 999. Kwa shilingi zetu hiyo ni karibu milioni mbili na nusu kabla haijapanda ndege. Kampuni yenyewe haina duka lake popote Tanzania. Ukimwagia chai ya maziwa, na nyumba ya mwali haikosi chai ya maziwa, utatafuta fundi kwa kuulizia.

Nchi hii imeshaumwa na nyoka huyu zamani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mitambo ya Wizara ya Fedha kuleta hasara badala ya nafuu. Walinunua mashine kabla ya kujua kazi. Serikali nzima! Sembuse binti wa miaka 23 anayesukumwa na grupu la WhatsApp.

Na wale wanaoleta dini kutetea bei, eti mahari kubwa ni heshima ya mwanamke: Mtume s.a.w. alimwambia mtu atafute hata pete ya chuma. Alipoikosa, akaozeshwa kwa Kurani aliyoihifadhi. Yule mwanamke hakushushwa.

Basi nimalize kisa, maana kimeleta kelele. Binti ameiuza ile mashine kwa milioni mbili na laki tatu. Akanunua T480 kwa laki sita na ishirini, ikawekwa programu yake, na tangu wiki mbili zilizopita anachora maua mwenyewe. Mama mkwe akawaka: kuuza mahari ni kumdharau mume! Nikamwambia, kwa heshima zote, mama, mahari ikishakabidhiwa ni yake, aiuze, aigawe, aitie kabatini. Akarudi na la pili: basi ile milioni na laki sita iliyobaki ilipe deni la mume. Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu deni ni zito na kijana ni mwema, kila Jumatatu namwona uso umemshuka. Lakini halipwi kwa amri ya mama mkwe. Akitoa mke kwa moyo wake, ni wema wake. Asipotoa, hakuna wa kumuuliza.

Juzi nimepita pale. Amenunua majora mawili ya nida nyeusi na nyuzi za dhahabu kwa milioni moja, na laki sita na themanini zilizobaki amempa mumewe, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Zinatosha Jumatatu saba na nusu. Bado Jumatatu kumi. Kwenye meza T480 ilikuwa inaunguruma, ina mkwaruzo mkubwa kwenye kifuniko na kibandiko cha ofisi fulani ya Ujerumani ambacho hakibanduki, na cherehani ilikuwa inagonga ua la mwasmini kwenye mkono wa abaya ya mtu wa Tengeru, aliyeihitaji Ijumaa.