Korti Inanunua Biro kwa Nani, na Mbona Si Wewe?

Ukiingia registri ya korti yoyote Kenya, iwe Milimani, Makadara ama ile ndogo ya huko ushago kwenu, sahau hakimu kidogo uangalie meza ya karani. Majalada ya rangi rangi. Uzi wa kufunga faili. Muhuri na wino wake. Rimu za A4 zimepangwa chini ya dirisha, tona ya printa, stepla, bahasha za kaki, na lile daftari kubwa la kuandikisha kesi. Hiyo yote kuna mse aliuza. Akalipwa na ushuru wako, ule unaokatwa kwa bando na kwa kutuma pesa. Sasa huyo mse ni nani? Na mbona kwa marafiki wangu wote wanaotafuta, wanaouza mtumba, wanaopiga picha za harusi, wanaoendesha nduthi, hakuna hata mmoja ambaye ni yeye?

Najua mada ya tenda za karatasi haiwezi kutrendi. Hakuna mtu atacheza ngoma kwa TikTok juu ya rimu. Lakini kaa na mimi, juu hapa kuna pesa ambayo sheria imesema ni yako, na iko karibu kuliko ile ya kubeti.

Tuanze na sheria venye ilivyo. Katiba, Kifungu cha 227, inasema taasisi ya umma ikinunua kitu inunue kwa njia ya haki, usawa, uwazi, ushindani na bei inayofaa. Mahakama ni taasisi ya umma kama zingine, hakimu hatumi askari dukani na elfu moja. Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye afisa mhasibu, yaani yeye ndiye anajibu pesa ikiulizwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 na kanuni zake za 2020 zinapanga ngazi. Kitu kidogo sana, bidhaa isiyozidi shilingi 50,000 kwa mwaka mzima wa fedha, inaweza kununuliwa moja kwa moja dukani. Kutoka hapo hadi milioni 3, ofisi inaweza kuomba kwotesheni: inachukua majina kutoka orodha yake ya wauzaji waliosajiliwa, inaandikia angalau 3, na anayetimiza masharti kwa bei ya chini anapewa LPO, ile karatasi ya oda. Zaidi ya hapo ni tenda ya wazi, inatangazwa, kila mtu anaona.

Angalia hiyo ngazi ya katikati vizuri. Majalada ya kituo kimoja cha korti, tona ya miezi mitatu, wino wa mihuri, vitu vya aina hiyo vinaingia hapo kirahisi. Na hapo ndipo hakuna tangazo kwa gazeti. Kama jina lako haliko kwa orodha, hutasikia hata harufu. Orodha yenyewe inafunguliwa kwa msimu, tangazo linakaa siku chache kwa tovuti ambayo wewe hujawahi kuifungua, halafu inafungwa. Watu wenye shemeji ndani wanajua tarehe. Wewe unajua tarehe ya mechi ya Arsenal.

Ati "vijana hawana habari." Sawa, lakini habari ilitangazwa wapi?

Sasa ile yetu. Tangu 2013 kuna mpango unaitwa AGPO, na sheria ya 2015 ikaufunga kabisa: kila taasisi ya umma ikipanga bajeti ya ununuzi itenge angalau 30% kwa biashara za vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kijana hapa ni wa kati ya miaka 18 na 34. Unaandikisha biashara kwa eCitizen, unapata cheti cha KRA kwamba uko sawa na ushuru, kibali cha kaunti, unaomba cheti cha AGPO, ambacho ni bure. Narudia, ni bure. Akikuitisha 5,000 "ya kusukuma", huyo ni broka. Ukienda kutenda kwa fungu la vijana hauitishwi dhamana ya benki, unajaza tu fomu ya kuahidi kwamba hutatoroka. Haitaki digrii. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili na hakuna mahali kwa hizo fomu niliulizwa transkripti.

Kwa hivyo mlango uko. Nawaambia ukweli wangu: makaratasi hayajawahi kuwa ngoma ngumu. Ngoma ngumu iko baada ya kupeleka mzigo.

Fanya hesabu na mimi, mfano tu. Umepewa oda ya rimu 300 kwa 650 moja. Hiyo ni 195,000. Unaenda kwa duka za jumla upande wa River Road unazipata kwa 560, jumla 168,000. Faida yako ni 27,000 kabla ya pickup na ya mtu wa mkono. Si mbaya. Lakini 168,000 hauna, unakopa kwa riba ya 5% kwa mwezi, ambayo mtaani hiyo ni riba ya upole. Kila mwezi riba inakula 8,400. Mwezi wa tatu imefika 25,200. Mwezi wa nne imefika 33,600, na kuanzia hapo wewe ndiye unailipa serikali ndiyo ikubali karatasi zako. Uliuza kitu safi, bei ya haki, kwa wakati, na umeingia hasara juu mtu fulani hajaweka sahihi kwa vocha.

Mimi na maboyz wawili hiyo tumeipitia. Ofisi moja ya umma, siitaji na haikuwa korti, tuliipelekea majalada na bahasha. Mzigo ulipokelewa, tukapigiwa muhuri, storekeeper akatuambia kazi nzuri. Tulikaa miezi minane. Kila tukienda, faili iko kwa mhasibu. Mhasibu anasema iko kwa ukaguzi. Ukaguzi wanasema pesa ya robo hii imeisha. Mmoja wetu aliuza laptopu aliyokuwa anaeditia video ndiyo tulipe mkopo. Wakati huo wote sheria inasema wazi, kifungu cha 53, kwamba afisa mhasibu asianze ununuzi wowote kabla hajahakikisha pesa iko kwa bajeti iliyopitishwa. Kama pesa ilikuwepo tukipewa oda, ilienda wapi tukipeleka invoisi?

Kampuni kubwa haiogopi hii. Ina kredit kwa kiwanda, ina overdraft, inaweka miezi sita ya kungoja ndani ya bei kutoka mwanzo. Ndiyo maana kila mwaka unasikia bei za ajabu za kitu cha kawaida dukani. Wengine ni wezi, hiyo sikatai. Lakini bei nyingine ni ya kungojea, na sisi wote tunailipa. Na ile 30% inabaki kwa wale vijana wa majina, unajua ninaowasema: cheti kina jina la mpwa wa miaka 24, pesa zinaingia kwa mjomba wa 58. Mjomba ndiye anaweza kungoja.

Kwa nini nimechagua korti na si wizara? Juu korti ndiyo ofisi pekee ambayo ukigombana nayo kuhusu malipo, unapeleka kesi kwake. Ukilalamika kuhusu tenda yenyewe, kuna Bodi ya Rufaa ya Ununuzi: una siku 14 za kulalamika, nayo ina siku 21 za kuamua, na ukishindwa unaenda Mahakama Kuu. Hiyo ni haraka, heko. Lakini deni la kawaida halina njia hiyo ya mkato. Utashtaki serikali, na hata ukishinda, Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali haikuruhusu kutuma madalali wakabebe viti. Unapewa cheti cha hukumu, unapeleka kwa ofisi, wakinyamaza unarudi kuomba amri nyingine ya kumlazimisha afisa alipe. Mpangaji akichelewa na kodi, mlango wake unafungwa na kofuli. Serikali ikichelewa na yako, wewe ndiye unafungiwa.

Halafu angalia hii. Bunge lilipitisha sheria ya Korti ya Madai Madogo 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Milimani 2021. Inasikiza madai ya hadi milioni 1 na inatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Mama mboga akidaiwa na hoteli, siku 60. Fundi akidaiwa na mwenye nyumba, siku 60. Mahakama imekubali kwamba deni dogo haliwezi kungoja, juu mtu mdogo hana pumzi ya kungoja. Mimi naomba tu ijipimie kwa kipimo hicho hicho. Ukiletewa rimu na kijana wa AGPO, siku 60, pesa kwa akaunti. Itangaze hivyo, iweke kwa maandishi, ianze yenyewe kabla ya wizara zote. Haihitaji Bunge kwa hilo. Inahitaji Msajili Mkuu na watu wake wa fedha wakae chini asubuhi moja.

Kuna wasee kwa komenti najua mtasema suluhisho ni serikali inunue kila kitu kutoka stoo moja, bei moja, hakuna mchezo. Hiyo si mpya. Enzi ya mkoloni na mwanzo wa uhuru vitu vingi vya serikali vilinunuliwa kupitia Crown Agents wa kule London, na kabla ya kanuni za 2001 tenda kubwa zilikuwa zinapita kwa Bodi Kuu ya Tenda. Tuliiacha kwa sababu mlango ukiwa mmoja, bawabu ni mmoja, na akishikwa mfuko wote wameshikwa. Kwa korti kuna hatari ya ziada. Novemba 2019 David Maraga, Jaji Mkuu wa wakati huo, alisimama mbele ya wanahabari kulalamika kwamba bajeti ya mahakama imekatwa na kazi zingine zitakwama. Sasa fikiria korti ambayo hata karatasi ya kuchapa hukumu inaomba kutoka stoo ya serikali ile ile inayoishtaki ama kuishtakia. Katiba iliweka Hazina ya Mahakama, Kifungu cha 173, ndiyo hiyo isitokee.

Lakini kuna njia ya katikati na iko kwa sheria tayari. Mkataba wa mfumo: ofisi inakubaliana bei na wauzaji angalau 7 kwa muda usiozidi miaka 3, halafu inaagiza kidogo kidogo inavyohitaji. Mahakama inaweza kukubaliana bei moja ya rimu kwa nchi nzima, halafu korti ya Lodwar ichukue kwa kijana wa Lodwar na ya Kwale ichukue kwa msichana wa Kwale. Mamlaka ya ununuzi inatakiwa kutoa bei za soko kila robo ya mwaka kama kipimo, kwa hivyo hakuna mtu ataleta biro ya 10 kwa 200 akasema ni usafiri.

Na tuharakishe, juu karatasi yenyewe inaenda. Nairobi ilianza kufungua kesi kwa mtandao Julai 2020, na 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akausukuma mfumo huo nchi nzima. Majalada yatapungua. Oda za sasa ni za skana, waya za intaneti, vifaa vya kurekodi, watu wa kugeuza faili za miaka thelathini ziwe za kidijitali. Hiyo kazi ya mwisho, manze, ni ya watoto wa sisi kabisa. Tukichelewa itachukuliwa na kampuni tatu na tutaitwa kubeba maboksi.

Mimi nimeamua kuanza na barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nimeandikia kituo cha korti kilicho karibu na kwangu maswali matatu: mwaka wa fedha uliopita nani waliwauzia vifaa vya ofisi, wangapi walikuwa na cheti cha AGPO cha vijana, na kila mmoja alilipwa siku ngapi baada ya kuleta mzigo. Nimeipeleka mwenyewe na nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Wakijibu nitaposti jibu lote, jina la kampuni na siku zake. Nakala ya barua iko kwa bayo yangu, badilisha jina la korti uweke ya kwenu, na muhuri ukishapigwa, nitagi.