Taarifa ya Joto Haibadilishwi kwa Amri

Ndugu askari na ndugu polisi, wapo miongoni mwetu wanaokesha kwenye vituo vya kufua umeme, wengine langoni, wengine ukingoni mwa bwawa, wengine mlangoni mwa chumba cha kuongozea mitambo. Hufundishwa kumtazama adui ajaye kwa miguu, na hivyo ni sawa. Lakini ndani ya makabati ya chumba kile kuna kitu ambacho mlinzi haonyeshwi ila kwa nadra, nacho ni ubao wa kuunganishia nyaya za vipimajoto vya turbini. Nataka leo kueleza kazi ya ubao huo, kisha niseme jambo ambalo naona limekaliwa kimya: afisa mwenye magwanda hana haki ya kuamuru taarifa ya ubao ule izibwe mdomo, hata kama mji mzima umo gizani.

Tuanze na turbini ya gesi, mtambo wa aina inayofua umeme huko Kinyerezi, Dar es Salaam. Katika turbini nyingi kubwa za aina hiyo, moshi hutoka ukiwa na joto la nyuzi 500 au zaidi. Vipimajoto hupangwa kuzunguka njia ya moshi, na kila kimoja ni nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa nchani. Ncha ikipata joto, nyaya hizo huzaa umeme mdogo, jambo alilolichunguza mwanasayansi wa Kijerumani, Thomas Seebeck, mwaka 1821. Katika aina inayotumika sana, iitwayo K, joto la nyuzi 550 huzaa volti 0.0228 tu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Kwa hiyo turbini yenye thamani ya mabilioni huongozwa kwa sauti iliyo dhaifu kuliko betri ya tochi zaidi ya mara sitini, na sauti hiyo hupita katika skrubu mbili za ubao. Ndiyo maana mafundi huwakataza walinzi kuzungumza kwa simu ya upepo karibu na kabati lililo wazi. Si ukaidi wala dharau kwa askari.

Mimi kazi yangu jeshini ni habari, na huenda ndiyo sababu ubao huu umenivutia. Kipimajoto cha namna hii hakisemi ncha ina joto kiasi gani. Husema tofauti iliyopo baina ya ncha na mahali nyaya zake zinapoishia, yaani pale kwenye skrubu. Kama kabati lina nyuzi 30, taarifa inayofika imepungua nyuzi 30. Kwa hiyo ubao huwekewa kipimajoto chake chenyewe, kipime joto la skrubu, na kompyuta hujumlisha. Ubao uitwao TBTC, wa mfumo wa Mark VIe wa General Electric, hupokea vipimajoto 24. Ukipangwa kugawa kila taarifa kwa kompyuta tatu, hupokea 12 tu. Kompyuta hizo tatu hulinganisha, na moja ikienda kombo hushindwa na mbili. Hakuna kikosi kinachomwamini mpelelezi mmoja pekee.

Lakini kompyuta hata tatu haziwezi kusahihisha uongo unaoanzia kwenye waya wenyewe. Fundi mwenye haraka akiunga waya wa kawaida wa shaba mahali pa waya maalumu wa kipimajoto, na kiungo hicho kikawa karibu na mtambo penye nyuzi 60 huku ubao ukiwa na nyuzi 25, taarifa itapungua nyuzi 35 hivi. Turbini itadhani imepoa, itaongeza gesi, na mapanga yake yataungua polepole bila kengele kulia. Hata rangi zina mtego. Katika utaratibu wa Kimarekani, waya mwekundu wa kipimajoto ni wa hasi, na chanya cha aina ya K ni wa manjano. Katika utaratibu wa kimataifa chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Fundi aliyezoea betri za magari ataona wekundu na kuufunga penye chanya.

Mabwawa yetu hayana moshi, lakini nayo yana vipimajoto. Nalubaale ya Jinja, iliyofunguliwa mwaka 1954, na Karuma yenye megawati 600, zote huzungusha mihimili mizito juu ya beringi, na beringi ikipata joto kupita kiasi huharibika. Kipimajoto kinachotumika sana kwenye beringi ni cha waya wa platini, chenye ukinzani wa omu 100 kwa nyuzi sifuri na omu 138.5 kwa nyuzi 100. Skrubu ikilegea, ukinzani huongezeka. Omu 1 ya ziada huonekana kama nyuzi mbili na nusu za joto ambalo halipo. Hapo mtambo unaweza kujizima bila sababu, usiku wa manane, na simu zikaanza kulia.

Ni katika saa hiyo ambapo amri mbaya huzaliwa. Fundi anaambiwa, "Washa, mengine tutayaona kesho." Naye anajua njia. Akiunga kipande cha waya baina ya skrubu mbili za kipimajoto cha moshi, turbini yenye nyuzi 550 itatoa taarifa ya joto la kabati. Akifunga kipande chenye omu 120 mahali pa kipimajoto cha beringi, beringi ile itasema nyuzi 51 au 52 usiku na mchana, hata ikiwa inawaka moto. Taarifa ya namna hiyo ni sawa na ya doria iliyolala chini ya mti ikaandika kwamba imefika mpakani na kila kitu ni shwari. Tofauti ni kwamba mwenye doria tutamfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwenye kipande cha waya tutampongeza kwa kuwa taa zimewaka.

Huko Urusi, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya, turbini namba 2 iliachwa kufanya kazi huku mtikisiko wake ukizidi kipimo kilichoruhusiwa. Tarehe 17 Agosti 2009 mfuniko wake uling'oka, maji yakafurika ukumbi wa mitambo, na watu 75 wakafa. Pale kipimo kilikuwa cha mtikisiko, si cha joto, lakini swali la aliyekuwa zamu ni lile lile: nikiambiwa na kipimo nisimame, nisimame au niendelee?

Wako watakaosema kwamba hospitali haiwezi kungoja, na kwamba vitani kanuni hulegezwa. Hospitali haiwezi kungoja kweli, na kwa hiyo iwe na jenereta yake yenye mafuta. Ama vita, kamanda anaweza kuamua kukipoteza chombo ili kuokoa watu, lakini huamua akijua anachokipoteza. Aliyeziba kipimajoto hajui tena chochote. Amejitia upofu, na amewapofusha wote watakaopokea zamu baada yake. Kulegea kwa skrubu hutibiwa kwa bisibisi na dakika chache za subira. Afisa asiyeweza kusubiri dakika hizo asipewe kituo cha umeme.

Kwa hiyo naomba makamanda wa vikosi vya ulinzi wawapeleke vijana wao ndani, angalau mara moja kabla ya zamu ya kwanza, wakaonyeshwe makabati na fundi mwenyewe. Mlinzi akimwona mtu anafungua kabati, aandike katika kitabu cha matukio saa, jina na namba ya kabati. Naye fundi akiamriwa kuunga waya usiostahili baina ya skrubu, aombe amri hiyo kwa maandishi, yenye cheo na sahihi ya aliyeitoa.